Mungu mmoja, uwa mmoja, Idd mbili: nimjibu nini mwanangu?

#1 MchumaKarafuu
Salaam wakubwa kwa wadogo. Nieleze kisa kwanza, swali linafuata.

Baba yetu kafariki mwaka jana, Pemba, kaskazini huku. Tuko ndugu wanne. Mdogo wetu kasoma nje miaka sita, akarudi na ndevu, suruali juu ya vifundo na dalili ya kila jambo mfukoni. Siku ya tatu ya msiba watu wamekusanyika kwa hitima, kumsomea marehemu Kurani, yeye kakaa chini ya mwembe nje ya uwa. Mama akatoka kumwita. Akajibu kwa sauti, umma wote unasikia, kwamba hii ni bidaa, uzushi katika dini, na baba hafaidiki kitu na pilau letu. Mama alilia siku ile kuliko alivyolia maiti ilipotoka.

Ikaja Idd Kubwa. Yeye na mkewe wakasali na Saudia. Sisi tukangoja mwezi wa hapa, tukasali kesho yake. Jiko moja, uwa mmoja. Siku wao wanakula nyama sisi tumefunga Arafa, ile siku ya kabla ya Idd, na wanawe wanawaambia wanangu kwamba kufunga siku ya Idd ni haramu. Mwanangu wa miaka tisa akanijia: "Baba, Mungu wetu na Mungu wa ami ni mmoja?" Nikamwambia ndiyo. "Sasa mbona hakuwaambieni siku moja?"

Nilinyamaza. Sikuja hapa kumtukana ndugu yangu, namjua moyo wake. Nauliza hivi: huku kujiona mtu kashika haki peke yake na wenzake wote wamepotea, kunatoka ndani ya imani ya Mungu mmoja yenyewe, au tunakuleta sisi? Maana Mayahudi wanasema mmoja, Wakristo wanasema mmoja, sisi tunasema mmoja, na kila mtu anamwambia mwenzake "wako siye".

#2 KanzuFupi
Wa aleikum salaam. Pole kwa msiba, Allah amrehemu mzee.

Umechanganya vitu viwili. Mwezi ni suala la fiqhi, yaani sheria za ibada, maulamaa wamekhitalifiana tangu zamani na hakuna aliyemtoa mwenzake katika dini kwa hilo. Tauhidi, kumpwekesha Mungu, ni kitu kingine. Usichukue ugomvi wa kalenda ukaupandisha juu kwa Mola. Mdogo wako kakosa adabu kwa mama, hilo nakubali na angeomba radhi. Kwenye hukumu ya hitima lakini nipo naye.

#3 SufuriaLaHitima
Kanzu Fupi, wewe hitima huisomi, ila pilau lake nakuona kila nikipita. Dalili ya pilau umeipata juzuu gani?

#4 KanzuFupi
@SufuriaLaHitima chakula ni halali, kilicho batili ni itikadi. Mimi nakula itikadi ikiwa imeshapoa.

#5 MstaafuVuga
Hahaha, Kanzu Fupi leo umenichekesha.

Vijana, mnazungumza kama kwamba ugomvi huu umeteremka na boti ya jana. Hapa Unguja mfalme alikuwa Ibadhi na raia wengi Sunni wa madhehebu ya Shafi. Masultani wakiweka makadhi wa pande zote mbili, kila mtu na kadhi wake. Na tofauti yao haikuwa ya mwezi tu. Ibadhi anasema Mwenyezi Mungu haonekani, si duniani si Akhera. Sunni anasema waumini watamuona siku ya Kiyama. Ibadhi anasema Kurani imeumbwa, Sunni anasema ni maneno ya Mungu ya kadimu, hayakuumbwa. Hizo ni akida, misingi ya imani, Bwana Kanzu Fupi, si fiqhi. Watu wakibishana alasiri misikitini, na jioni wanaozana.

Babu yangu alisali mikono chini, Kiibadhi, haleti kunuti, ile dua ya ndani ya sala. Bibi akisali kafunga mikono, na kunuti juu. Walizaa saba. Sijapata kusikia mmoja akimwambia mwenzake utaungua. Ugomvi wao mkubwa niliouona mimi ulikuwa wa chumvi kwenye mchuzi wa papa.

Mufti wa Oman kwa miaka mingi, Sheikh Ahmad al-Khalili, kazaliwa hapa hapa Zanzibar, 1942. Kaandika kitabu kizima kuitetea akida ya Kiibadhi juu ya mambo hayo hayo, kuonekana kwa Mungu na kuumbwa kwa Kurani. Basi mjadala uko hai. Lililokufa ni adabu ya mjadala, sijui nani kaizika.

#6 Kidege
Uzi mrefu sasa. Kwa ufupi, Simba na Yanga wanapigana na hakuna Mungu pale. Binaadamu anataka upande tu, umpe dini, umpe mpira, umpe chama.

#7 NahodhaMkoani
Kidege kasema utoto lakini kuna ukweli ndani.

Mimi sikubaliani na Mzee wa Vuga kwamba zamani palikuwa pepo. Mlikaa vizuri kwa sababu mtawala alikuwa hataki fujo, basi. Angalieni lini haya mambo yalichacha huku kwetu: baada ya vyama vingi kurudi 1992, uchaguzi wa 1995 ukatugawa nyumba kwa nyumba. Pemba watu walikuwa hawazikani, hawachangii harusi, mtu anapita duka la jirani anakwenda kununua unga mbali. Msikiti ukafuata mkondo ule ule. Karafuu bei chini, vijana hawana kazi, mtu anakuja na jawabu moja lililonyooka kwa kila kitu, utamkataa vipi? Mwaka ule ule wa 95 si ndio popobawa, lile pepo la kuwavamia watu usiku, kaanzia Pemba mpaka akavuka kwenda Unguja? Watu walilala nje. Nchi yenye hofu inaamini lolote.

#8 SufuriaLaHitima
Popobawa nae alikuwa madhehebu gani?

#9 NahodhaMkoani
Wa upinzani, ukiuliza chama. Wa serikali, ukiuliza wapinzani. 😂

#10 BintiMkunazini
Nimesoma mpaka hapa wanaume watupu mnatajiana miaka. Niingie na la kwetu wanawake.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kibuki. Wasiojua, kibuki ni pepo wanaosemwa wametoka Bukini na Ngazija, wanakunywa brandi na wengine wana mambo ya Kikristo. Bibi huyo huyo hakukosa sala tano, Ramadhani anafunga na sita za Mfungo Mosi anaongeza. Jirani yetu yeye alikuwa na ruhani, pepo wa Kiarabu, msafi, anataka halua, marashi na udi, akiona ulevi anakasirika. Kwa hiyo mtaa mmoja una pepo Muislamu na pepo mlevi, na wenye pepo wote wanakwenda kusikiliza maulidi pamoja.

Nilimuuliza bibi siku moja, hivi si shirki? Akanitazama kama nimemuuliza kama maji yanarowesha. Akasema, "Mungu mmoja, mwanangu. Wageni ndio wengi."

Mjomba alipokwenda kusoma darsa kwenye msikiti mmoja (siutaji) akarudi akavunja kiti cha bibi cha pepo, akamwaga na ubani. Bibi aliishi miezi minne baada ya hapo. Sisemi alikufa kwa hilo. Nasema tu miezi minne.

#11 KanzuFupi
Dada yangu pole. Lakini lazima niseme, hilo la kibuki hakuna mwanachuoni wa madhehebu yoyote, Shafi, Ibadhi, hata masharifu wenu wa maulidi, atakayekwambia ni sawa. Mjomba kakosa njia, hakukosa lengo.

#12 BintiMkunazini
Ndiyo lile lile la #2. Mdogo wake kakosa adabu ila hukumu sawa. Mjomba kakosa njia ila lengo sawa. Wallahi mimi nasubiri siku moja mtu apate hukumu sawa na adabu sawa kwa mpigo.

#13 Kidege
Kaka kapigwa ya uso.

#14 Mgeni_Bububu
Habari zenu. Mimi ni mtu wa bara, Mkristo, nimekaa Bububu tangu 2004. Naomba nichangie kidogo, mkiniona nimevuka mpaka mniambie.

Mei 2012 makanisa yalipochomwa hapa Unguja nilikuwa na watoto wadogo. Bibi jirani yangu, Muislamu, alikuja usiku na funguo ya nyumba yake, akasema laleni kwangu, mimi nitakaa mlangoni. Akakaa kweli, na tasbihi yake, mpaka alfajiri. Februari 2013 Padri Evarist Mushi akapigwa risasi Mtoni. Wakati ule niliwaza kuhama. Lakini hata Sheikh Fadhil Soraga wa ofisi ya Mufti alikuwa kamwagiwa tindikali miezi michache nyuma, Novemba 2012, nikaona kumbe si Waislamu dhidi yetu, kuna kitu kingine.

Na kwetu pia hayo yapo. Mama yangu ni Mroma. Mimi nilivyookoka, mchungaji wangu wa kwanza alinifundisha kwamba rozari ni sanamu na mama anakwenda motoni. Nilimwambia mama hivyo hivyo, mbele ya wageni. Kwa hiyo @MchumaKarafuu mimi nimewahi kuwa huyo mdogo wako chini ya mwembe. Ninachokumbuka ni raha yake. Ukiwa pale chini ya mwembe unajisikia mwepesi sana, kila swali limekwisha.

#15 KanzuFupi
@Mgeni_Bububu karibu. Ila msitutwike sisi damu ambayo hamjui nani kaimwaga. Mwenye kutaka dalili asome Baqara 256, hapana kulazimishana katika dini. Na Hajj 40 imetaja nyumba za watawa, makanisa na masinagogi kwamba Allah anazilinda zisivunjwe. Aliyechoma kanisa kaivunja aya hiyo.

#16 Mgeni_Bububu
Asante shekhe, sikukutwika wewe.

#17 Sina_Upande
Nimeweka jina jipya kuandika hapa, mtanisamehe, wengi wenu mnanijua kwa jina langu.

Swali la mwenye uzi halijajibiwa. Kaulizia kama tatizo liko ndani ya imani yenyewe. Kila mtu kakimbilia siasa, adabu, mpira. Tamko lenyewe linaanza na neno gani? "Hapana." La ilaha. Hapana mungu, kisha ndiyo "isipokuwa". Huwezi kuwa na mmoja wa pekee bila ya kuwafuta wengine. Mwenye mizimu ya pangoni haji kuvunja mzimu wa kijiji cha pili, ana shida gani nao? Anayesema mmoja tu ndiye anayelazimika kuvunja.

Firauni Akhenaten kajaribu hayo zaidi ya miaka 1,300 kabla ya Nabii Isa. Aliutukuza mduara wa jua, Aten, akafunga mahekalu ya Amun na kufuta jina lake kwenye mawe. Alipokufa wakamfutia yeye. Hata Taurati ile amri ya "usiwe na miungu mingine ila mimi", soma vizuri, haisemi hakuna mingine. Inasema usiwe nayo. Wachimbaji wamekuta kule Kuntillet Ajrud, jangwa la Sinai, maandishi ya karne ya 8 au 9 kabla ya Isa yanayoomba baraka za Yahweh "na Ashera wake". Kwa hiyo umoja huo umekuja polepole, kwa kufuta. Mimi siku hizi nasali kwa kuwa mama yangu anasikiliza kama nimeamka alfajiri. Zaidi ya hapo sijui.

#18 SufuriaLaHitima
Mod usifute hii.

#19 KanzuFupi
Haifutwi, itajibiwa.

Ndugu Sina Upande, hicho ulichokuta Sinai mimi kinanithibitishia, hakinitikisi. Nahl 36 inasema kila umma umepelekewa mtume: mwabuduni Allah na mwepukeni taghuti, miungu ya uongo. Watu wakapokea, wakachanganya, akatumwa mwengine. Kwa hiyo ukichimba popote lazima ukute masanamu. Wewe unasoma mpangilio toka wengi kwenda mmoja. Mimi nausoma ni mmoja, wakaharibu, wakarudishwa. Mawe ni yale yale.

Na "hapana" ile unayoiogopa ndiyo iliyomtoa binaadamu kuwasujudia wafalme. Firauni wako alijiweka yeye kati ya watu na mungu wake. Hiyo si tauhidi, ni ufalme.

Na hilo la mama yako nisamehe kusema, ukiendelea kuamka alfajiri kwa ajili yake si jambo dogo.

#20 Sina_Upande
Jibu zuri. Sijashawishika, lakini nimelipenda kuliko nilivyotarajia.

#21 MwalimuKisw
Nichomeke la lugha, halafu nirudi kusahihisha madaftari.

Neno "Mungu" halikuja na jahazi. Ni la Kibantu. Wamijikenda wana Mulungu, Wayao wana Mulungu, Wagogo hali kadhalika. Lilikuwepo kabla ya msahafu na kabla ya msalaba. Masheikh wakalichukua, mapadri wakalichukua, kila mmoja akaliosha kivyake. Na angalieni sarufi: wingi wake ni miungu, kama mti na miti, lakini hatusemi "Mungu umesema", tunasema "Mungu amesema". Lugha imemtoa kwenye ngeli ya miti ikamtia kwenye ngeli ya watu, ila wingi wake imeusahau kule kule.

Wapo wanafunzi wangu wanaoniambia tusiandike Mungu, tuandike Allah, kwa kuwa Mungu lina wingi. Nawajibu ilahi nalo lina wingi, aliha. Na Wakristo wa Misri na Lebanon wanamwita Allah tangu wazaliwe. Malaysia hili lilifika mahakamani, gazeti la Kikatoliki likazuiwa kutumia Allah, kesi ikasota mpaka Mahakama ya Shirikisho 2014 wakashindwa. 2021 Mahakama Kuu ya kule, katika kesi nyengine, ikasema Wakristo wanaweza. Kugombania jina la Mmoja, kwa mawakili!

Jengine, hilo la "siasa kali" tunalolisikia redioni, sijui nani kalitunga, dini kali inaitwa siasa kali. Neno la Kiingereza lenyewe, "fundamentalist", halikuanza kwa Waislamu. Ndugu wawili matajiri wa mafuta huko California walilipia vijitabu 12, kati ya 1910 na 1915, vikagawiwa bure kwa wachungaji, kutetea misingi ya Uprotestanti dhidi ya wasomi waliokuwa wakiichambua Biblia. 1920 mhariri wa gazeti la Kibaptisti akawapa jina watetezi wa misingi hiyo, na wao wakalivaa kwa fahari. Miaka mitano baadae, Tennessee, mwalimu wa skuli kahukumiwa faini ya dola 100 kwa kufundisha kwamba binaadamu katokana na viumbe vya chini. Basi tukiitana hivyo huku Micheweni tunavaa koti la mtu.

#22 Kidege
Kwa hiyo Mungu asili yake Mmijikenda? Kilifi mmesikia?

#23 MwalimuKisw
Neno, Kidege. Nimesema neno. Ndiyo maana unapata D.

#24 Mjukuu_wa_Zikiri
Kanzu Fupi anazungumza vizuri leo, lakini tusisahau mambo haya yalikwenda mpaka wapi. Sheikh Uways wa Barawa, aliyeieneza tarika ya Kadiriya huku pwani na kukaribishwa Unguja zama za Sayyid Barghash, zikiri zake mpaka leo zinapigwa. 1909 wakamuua kule Somalia wafuasi wa yule Mullah, Muhammad Abdullah Hassan, na moja katika magomvi yao lilikuwa hili hili la kuwaomba mawalii na kuzuru makaburi. Muislamu kamuua Muislamu, wote wawili wanamtaja Mmoja. Na sisi tumeamini Uislamu hapa mwanzo kabisa, msikiti wa Kizimkazi 1107, wa kwanza Afrika Mashariki yote, bila ya kuuana.

#25 MstaafuVuga
Hapo kwa Uways uko sawa. Kwa Kizimkazi nikutengeneze kidogo, usiudhike. Maandishi ya Kikufi pale kiblani ndiyo ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Jengo unaloliona sehemu kubwa limejengwa upya karne ya 18. Na si wa kwanza. Shanga, kule Lamu, wamechimba wakakuta misikiti ya mbao na udongo ya karne ya 8. Kizimkazi ni wa zamani sana, yatosha.

Na wewe Kanzu Fupi, nilikuwa nangoja uzungumze tena juu ya mwezi. Kuna hadithi ya Kuraib katika Sahihi Muslim. Alitoka Sham, kule wameuona mwezi usiku wa Ijumaa, akafika Madina wao wameuona Jumamosi. Sahaba Ibn Abbas akakataa kufuata mwezi wa Muawiya, mtawala wa Sham, akasema hivyo ndivyo alivyotuamrisha Mtume. Basi nchi mbili, Idd mbili, na masahaba wapo hai.

#26 KanzuFupi
Mzee hadithi naijua, na maulamaa wameifasiri zaidi ya namna moja. Lakini Arafa ni mahali, si tarehe tu. Mahujaji wamesimama leo pale mlimani, dunia nzima inawaona kwenye simu. Wewe unafunga kesho, Arafa ya nani?

#27 MstaafuVuga
Ya babu yangu. Waya wa telegrafu kutoka Aden umefika Unguja 1879. Kabla ya hapo, habari ya lini Makka wamesimama ilikuja na jahazi, pepo za kaskazi zikivuma, Idd imeshaliwa zamani na nguo zimeshafuliwa. Kama Arafa sahihi ni ya kuonana na Makka siku ile ile, basi wote wale miaka mia nane walifunga siku isiyokuwepo. Mimi nasita kuwaambia hivyo nikikutana nao.

#28 KanzuFupi
Wao walikuwa na udhuru, hawakuwa na habari. Wewe una simu mbili.

#29 SufuriaLaHitima
Kuntu. Mzee kakamatwa.

#30 NahodhaMkoani
Mnaona lakini? Simu ndiyo iliyoleta Idd mbili, si Mungu.

Zamani mtu akitaka kujua dini lazima aende akakae chini kwa maalim, miaka kumi anafundishwa Kurani, fiqhi, nahau, na kunyamaza. Sasa tafsiri ipo, kila mtu mufti. Sheikh Abdalla Saleh Farsy alipotufasiria Kurani ya kwanza kwa Kiswahili alitaka watu waelewe, sidhani kama alitaka kila mwenye kuelewa aya moja atoe fatwa.

#31 MwalimuKisw
Si ya kwanza. Ya kwanza kamili iliyochapishwa ni ya padri, Godfrey Dale wa misheni ya Waanglikana, 1923. Kisha Waahmadiya 1953. Ya Farsy imekamilika 1969, na yeye mwenyewe hao wawili waliomtangulia alikuwa hawakubali. Na Farsy nae alipinga bidaa nyingi, Nahodha, usimfanye wa hitima.

#32 Mgeni_Bububu
Kumbe Kurani ya kwanza ya Kiswahili kaifasiri padri! Kanisa lao la Mkunazini hadi leo ukiingia, altare imewekwa palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa, ndivyo wanavyotueleza. Na husimuliwa Sayyid Barghash ndiye aliyetoa saa ya mnara, kwa sharti mnara usiizidi Beit el Ajaib, jumba lake, kwa urefu.

#33 BintiMkunazini
Huyo Ibadhi kampa saa Mwanglikana. Sharti likawa la urefu tu 😄

Mimi nimezaliwa chini ya saa hiyo. Kengele, adhana ya misikiti minne inayopishana sekunde kumi kumi, na kengele ndogo ya Wahindi hekaluni jioni. Mtoto wa Stone Town hajui kama hivi ni vitu vya kugombana. Anajua ni saa ngapi.

#34 Kidege
Mnamsahau mwimbaji Freddie Mercury, kazaliwa Unguja 1946. Wazee wake waabudu moto.

#35 MstaafuVuga
Waparsi, Kidege. Na hawaabudu moto, wanauelekea, kama sisi tunavyoielekea Kaaba. Mungu wao mkuu wanamwita Ahura Mazda, na wapo wanaosema hao ndio wa mwanzo kabisa kumtaja Mmoja. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ule wa kupigana kwa migomba, asili yake inanasibishwa na Nairuzi ya huko huko Uajemi. Haya kalale, kesho skuli.

#36 Sina_Upande
Hakuna aliyemwambia mwenye uzi amjibu nini mtoto.

#37 Mjukuu_wa_Zikiri
Amwambie Mungu kamwambia kila mtu aangalie juu, na mawingu ni mengi.

#38 NahodhaMkoani
Amwambie serikali na Saudia hawapokei simu moja.

#39 KanzuFupi
Amwambie kweli: Mungu ni mmoja, Mtume wake amesema fungeni mkiuona mwezi, na wakubwa hawajakubaliana nani mwenye macho. Ami yake na baba yake wote wanataka kumridhi Allah. Mtoto wa miaka tisa anaelewa hilo. Wakubwa ndio hawaelewi.

#40 BintiMkunazini
Hukumu sawa na adabu sawa. Nimeshuhudia.

#41 MchumaKarafuu
Samahani nimechelewa, msimu huu niko karafuuni toka alfajiri, usiku mikono inanuka na macho hayaoni simu.

Nimesoma yote. Ya Mgeni ya chini ya mwembe imeniingia, nilikuwa sijawaza kwamba mtu anaweza kuwa na raha pale. Ya Sina Upande imenitisha, sitasema uongo, nimeisoma mara tatu na bado sijui niiweke wapi. Mzee wa Vuga babu yako na bibi yako wangefaa kuwa makadhi.

Habari za huku: mtoto alikwenda kumuuliza ami yake mwenyewe, hakunisubiri. Sijui aliambiwa nini, hataki kusema, kasema ni siri yao. Lakini juzi mdogo wangu kapanda mkarafuu nami, mara ya kwanza tangu arudi. Hatukuzungumza dini. Kaniuliza kama makonyo, vile vikonyo vya karafuu, siku hizi yananunuliwa.

Mama anataka kisomo cha mwaka. Kamtumia ujumbe: pilau nitapika, wewe njoo usome Kurani tu, Kurani si bidaa. Wiki ya pili sasa hajajibu. Mama kila simu ikilia anaangalia.

#42 KanzuFupi
Kisomo chenyewe lini? Nina safari ya Wete mwisho wa mwezi.

#43 SufuriaLaHitima
Mmemuona? Anauliza tarehe.

#44 Kidege
Mwisho wa mwezi upi, wa hapa au wa Saudia?